Tryphosa Nabalayo na Watoto wa Chepsaita

Tarehe 28 Novemba 2025, Mama Tryphosa Nabalayo anastaafu baada ya kusimamia kituo chetu cha malezi, hapa Chepsaita, kwa miaka ishirini na sita. Kamati imeniomba niandike habari zake kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya kazi naye muda mrefu zaidi. Nimekubali, ingawa sehemu ya habari hizi ni nzito kwangu.

Alikuja kutoka Webuye akiwa kijana, akawa kibarua wa palizi katika shamba la mahindi. Akina mama hawakuruhusiwa kuingia shambani na watoto. Wengine waliwafungia nyumbani. Wengine, Tryphosa akiwemo, waliwaacha kwa mlezi mmoja pale senta, penye maduka, katika chumba kisicho na dirisha.

Mlezi huyo nilikuwa mimi. Sikuwa nimefunzwa lolote. Nilikuwa na watoto ishirini na watatu, na ili walale niliwapa dawa ya kikohozi. Juni 1998, binti wa Tryphosa, Nakhumicha, wa miezi kumi na minne, alilala asiamke.

Polisi walinishika, kisha wakaniachilia kwa kukosa ushahidi. Baada ya mazishi Tryphosa alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kunipiga. Alikaa, akauliza, "Benta, walikuwa wangapi siku hiyo?" Nikamwambia. "Na wewe ulikuwa na nani?" Nikasema nilikuwa peke yangu, kisha nikamweleza kuhusu dawa. Alilia mpaka akashindwa kusimama, nami sikuthubutu kumgusa.

Mwaka uliofuata aliomba stoo kuukuu ya kanisa, akaitoboa madirisha, akaenda Eldoret kusomea malezi ya watoto wachanga. Kisha akaniita kazini. Wanawake wengi walikasirika. Aliwajibu, "Huyu ameona mtoto akifa mikononi mwake. Hatasahau nitakachomfundisha." Kwa miaka miwili hakuniacha na mtoto peke yangu hata dakika moja, na sikumlaumu.

Sheria zake mnazijua. Mlezi mmoja, watoto wachanga watano, basi. Hakuna dawa bila barua ya zahanati. Kila chupa ya uji inayotoka nyumbani lazima ainuse mwenyewe. Kuna afisa wa kaunti aliyekuja kutukagua akarudishwa bombani mara mbili kunawa mikono, na akatii. Jebet aliletwa akiwa na miaka mitatu, hasemi neno. Tryphosa alimwimbia kila siku akimwogesha. Leo Jebet ni mwalimu wa chekechea huko Soy.

Hakuna mtoto aliyefia mikononi mwetu tangu tufungue. Lakini kila msimu wa palizi tunawarudisha wengine kwa kukosa nafasi. Mwaka jana wawili kati yao waliungua katika nyumba walimofungiwa. Tryphosa alihudhuria mazishi, akarudi, akaosha vikombe vyote.

Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sijawahi kuuliza. Jumatatu iliyopita alinikabidhi ufunguo wa chumba cha wachanga. "Wahesabu kila saa, Benta," akasema. "Na uwaguse. Usiwaangalie kwa macho tu."

Mama Tryphosa, asante kwa watoto wetu, na asante kwa kunipa kazi ambayo sikustahili. Nenda nyumbani Webuye, ule chakula chako kikiwa bado moto. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za utulivu.

Benta Murunga
Mlezi, chumba cha wachanga