Iddibal wa Hadrumeto na Mguu Uliomtangulia Kaburini

Marehemu Iddibal alizaliwa hapa Hadrumeto, mtaa wa mashinikizo ya mafuta, mwaka wa nane wa Kaisari Antonino, mavuno ya zabibu yakiwa yamepamba moto. Alitanguliza miguu. Nyayo zake zilikuwa kubwa mno: miguu ilifika asubuhi, mwenyewe akaja jioni. Mimi dada yake Rogata nilikuwapo, nikashuhudia.

Shule hakuiona. Alichokijua kwa moyo ni maneno ya ubatizo. Hapa kwetu ukifika kwenye “naamini ufufuo wa mwili huu,” unajipiga paja, isije ikadhaniwa unasema mwili wa jirani. Iddibal alijipiga hata njiwa wakahama paa.

Alikuwa mkanyaga zabibu. Saturnina, binti wa mfinyanzi, alimkuta ndani ya birika la kukanyagia zabibu, mwekundu mpaka magotini, akamuuliza, “Wewe kaka, ukitoka humo utanioa au utanichafua tu?” Walioana mwaka wa kumi wa Kaisari Marko.

Baadaye alihamia kwenye mafuta. Mwaka wa tatu wa Kaisari Komodo, jiwe la shinikizo lilimsaga mguu wa kushoto, ikabidi ukatwe. Hakulia. Tuliuzika kiheshima katika makaburi ya ndugu waamini, kwa sala, mkate na samaki, na Saturnina akatengeneza bomba la udongo la kushushia divai hadi kaburini. Kila mwaka tulikwenda kula pamoja na mguu huo. Iddibal alimimina na kuuambia, “Kunywa, mzee, wewe ndiye uliyeikanyaga.” Mwaka mmoja divai ilirudi juu, tukajua umeshiba.

Ndipo akaja Mwalimu Glauko kutoka ng’ambo, mwenye mikono laini kama jibini. Wiki yake ya kwanza aliliona lile kaburi dogo, akadhani humo amelala shahidi wa imani. Akapiga magoti, akalibusu jiwe, akalia, akaliomba limwombee. Sisi tulijiziba midomo kwa ushungi, hatukumwambia kitu.

Baridi hii Iddibal alishikwa na kichomi. Aliomba jambo moja tu: alazwe pamoja na mguu wake, asije akafufuka akirukaruka kama kunguru. Glauko alikaa pembeni mwa kitanda, akila uji wetu, akamwambia, “Ndugu, mwili ni kanzu kuukuu, unavuliwa na kutupwa. Roho ndiyo inayofufuka. Huko hakuna miguu.”

“Na uji upo?” marehemu akauliza.

“Haupo.”

“Basi kula sana, mwalimu.”

Kisha akageukia ukutani, akalia. Mtu ambaye jiwe la shinikizo halikumliza! Alifariki siku ya mwisho ya Februari, mwaka wa kumi na tatu wa Kaisari Severo, mto wake ukiwa umelowa. Hilo leo sisamehi. Mungu aniulize kesho.

Na mwalimu hakutosheka. Asubuhi hii amesimama mbele ya wachimba kaburi waliokuja kuufukua mguu: “Msifukue nyama iliyooza!” Nao wakashusha majembe, mabwege wale. Saturnina akamsogelea.

“Mwalimu, kama mifupa si kitu, siku ile ulikuwa unabusu nini hapa?”

“Nilidhani ni shahidi, mama.”

“Ni mguu wa mume wangu. Sasa nipishe, au unataka kuubusu tena?”

Amepisha. Yuko kule nyuma, anatazama viatu vyake. Anavyo viwili, na vyote vina miguu ndani.

Marehemu ameacha mjane, Saturnina, mwana, Baliato, binti, Donata, aliyerithi nyayo, wajukuu, na dada mmoja ambaye hasira hazijamwisha.

Mifupa ya mguu imefungwa kwa kitani, imewekwa chini ya goti lake la kushoto, vidole vikitazama juu. Sote tumejipiga paja. Lala salama, ndugu yangu, mpaka asubuhi ile. Kisha uinuke kwa miguu yote miwili, na usimpishe mtu njiani.