Inchi ya Kwanza

MWALIMU: Haloo? Nani tena?

SINDANO: Haloo! Shikamoo, Mwalimu. Ni mimi, Sindano.

MWALIMU: Sindano yupi? Nimefundisha ushonaji miaka thelathini na nne, nina Sindano watatu.

SINDANO: Yule mwembamba. Niliyeachiwa darasa lako.

MWALIMU: Aa, mwanangu. Marahaba. Sema taratibu, nimejilaza. Siku hizi naamka nimechoka, nalala nimechoka zaidi.

SINDANO: Pole, Mwalimu. Niko hapa koridoni, mkaguzi yumo nd—

(mikwaruzo)

MWALIMU: Yumo wapi?

SINDANO: Ndani! Darasani! Anapima magauni ya mtihani. Wasichana wangu wote ishirini na wawili, kifua cha gauni kimepungua inchi moja. Inchi ileile! Anasema wameibiana vipimo. Anataka kuwafuta wote.

MWALIMU: Wameibiana?

SINDANO: Wapi! Nilikuwepo, kwa macho yangu haya. Wamepima nilivyowafundisha, na mimi nimewafundisha ulivyonifundisha. Tepu ianzie kwenye moja. Kaniuliza kwa nini hatuanzii kwenye ncha, nikatoka kukupigia. Kwa nini, Mwalimu? ... Haloo? Umekatika?

MWALIMU: Nipo.

SINDANO: Sababu si ipo?

MWALIMU: Niliiunguza kwa pasi.

SINDANO: Nini?

MWALIMU: Tepu yangu. Mwaka wa kwanza kazini. Inchi ya kwanza iliungua yote, nikawa naanzia kwenye moja kwa sababu nyuma yake hapakuwa na kitu. Nanyi mkawa mnautazama mkono wangu. (anakohoa) Kumbe mna tepu nzima, mnafanya vilevile.

SINDANO: Lakini nguo zetu zinakaa! Hakuna mteja aliyewahi—

MWALIMU: Zinakaa kwa sababu mtu unampima kuanzia moja, na kitambaa unakipima kuanzia moja. Kosa linajificha. Mtihani umeleta vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi, ndiyo maana limeonekana.

SINDANO: Mungu wangu.

MWALIMU: Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani, ikasimama siku ya tatu. Basi nashinda hapa kitandani najiuliza, hivi mimi nimeacha nini? Haya, nimejibiwa.

SINDANO: Usiseme hivyo, jamani! Sikia, nimepata la kumwambia. Nitasema ni mbinu yako, ilikuwa na maana yake ya kitaalamu—

MWALIMU: Maana gani?

SINDANO: Nitaitunga! Darasa hili linaitwa kwa jina lako. Sitaki mtu akucheke humu.

MWALIMU: Akikataa hiyo mbinu yako, wasichana je?

SINDANO: Wata... watarudia mwakani.

MWALIMU: Wakiwa wameandikwa wezi?

SINDANO: Mmoja ameshapata kazi. Anasubiri cheti tu.

MWALIMU: Mpe simu huyo mkaguzi.

SINDANO: Mwalimu, nakuomba—

MWALIMU: Mwanangu, sina nguvu za kubishana. Naona aibu, sikufichi, naona aibu mpaka masikio yanawaka. Mpe simu.

(mlango; viti vinaburutwa)

MKAGUZI: Haloo?

MWALIMU: Habari za kazi, bwana mkaguzi. Mimi ndiye niliyemfundisha mwalimu wao. Watoto hawakuibiana, kosa wamelitoa kwangu. Niliunguza tepu nikaona haya kuomba nyingine.

MKAGUZI: Mama, hayo maneno yeyote anaweza—

MWALIMU: Basi wajaribu. Waite mmoja mmoja, mpe kila mtu tepu bila kumwambia kitu. Tazama kidole kinakwenda wapi.

MKAGUZI: (anashusha pumzi) Hebu wewe wa mbele, njoo. Pima hapa... Mm. Na wewe... Na wewe...

(tepu inakunjuliwa tena na tena)

MWALIMU: Umeona?

MKAGUZI: Nimeona. Lakini gauni bado ni dogo, mama.

MWALIMU: Lipunguzie alama, ni haki yako. Wizi tu usiwaandikie.

MKAGUZI: Basi itabidi niandike chanzo kwenye ripoti. Kwa jina lako.

MWALIMU: Liandike. Una kalamu?

MKAGUZI: Ninayo.

SINDANO: Mwalimu, salio linaisha! Mwalimu—

MWALIMU: Basi andika upesi, bwana. Nakutajia herufi moja moja. Angalau hilo lisikosewe.