Mwambieni Nagabbe Nilifika

Sogeeni, wanangu, Erega huku na Mareya huku, mkae hapo hapo kwenye mwamba wala msitafute mkeka, maana mkeka wa mlima huu ni mmoja na mimi ndiye niliyeulalia. Leo siku ya tisa sijatia chakula kinywani, na tangu alfajiri nimeacha hata maji, kama nilivyoapa kufunga hadi kufa. Nani kaleta kibuyu hicho? Kirudishe, Mareya, unanijaribu bure. Na kamasi hizo futa, una ndevu sasa.

Kiti nimekwisha kumwachia Erega mbele ya watu, hapo hakuna neno. Yule tembo jike mzee msimtoe zawadi kwa mtu, hajui kuishi na wageni. Mkunga aliyemzalisha mama yenu abaki na shamba lake la ufuta mpaka afe. Na binamu yangu wa bondeni, aliyetoboa ukingo wa bwawa letu mwaka wa ukame, mwacheni achote maji. Nilimchukia miaka kumi na mitano, na kiu yake nimeijua leo tu.

Hayo yalikuwa mepesi. Mwalimu aliyeniapisha ameniambia anayekufa kwa kiapo hiki sharti aage kila kitu, na kwamba kumkumbuka umpendaye ni doa katika kiapo. Nimeaga lulu, nimeaga farasi, nimeaga ugali wa ulezi na mtindi, na huo, msicheke, ulinisumbua siku nne. Dada yenu Nagabbe nimeshindwa kumuaga.

Ninyi mlikuwa wadogo. Mfalme mkuu wa ng'ambo ya mto alipotushinda alitaka tembo tisa na binti mmoja, nami nikatoa. Pale kivukoni akaniuliza, "Baba, ulezi ukivunwa utakuja kuniona?" Nikamwambia, "Kabla haujakauka uwanjani, mama." Akacheka, akawageukia wapiga makasia: "Mmesikia nyie? Mfalme kasema!" Maana kwake yeye hakukuwa na mfalme duniani ila mimi, ambaye ufalme wangu wote ukipanda ukutani unauona ulipoishia.

Mama yenu alikufa akiamini nilizuiwa na mafuriko. Nilimdanganya. Nilifika, wanangu, nilifika mwaka ule ule, na mfuko wa ulezi mpya kwapani. Lakini kule wafalme wadogo hawaingii kama wageni, kila mmoja hupewa kazi mbele ya mkuu: huyu ashike mwavuli, yule apepee, nami nikapewa bakuli la kutemea tambuu. Nikasimama peku, nimemkingia mtu bakuli chini ya kidevu, na nilipoinua macho nikamwona mwanangu dirishani juu, kati ya wanawake, anapitisha macho kwa wote waliovaa mataji, ananitafuta. Nikavuta shuka nikajifunika uso.

Ulezi niliumwaga mtoni. Tangu hapo kila mavuno nilisema mwakani, nitakwenda mwakani, na mavuno yamekuwa ishirini na mawili, nami nimemtamani mtoto yule mpaka nikawa naondoka nyumbani siku za kupura ulezi, nisisikie harufu yake. Aibu ya siku moja imenila maisha yangu yote.

Erega, usiinamishe kichwa. Bakuli lile nawe utalishika. Ukipewa, lishike, halafu inua uso, dada yako akuone.

Ngojeni... nipumue. Mkishauchoma mwili wangu mtasimamisha jiwe hapa, na Mwalimu ataandika kwamba mfalme huyu alikufa hana anachokitamani. Mwacheni aandike, ni mtu mwema, msibishane naye. Lakini mavuno haya nendeni wote wawili, mbebe ulezi ambao bado haujakauka vizuri, mumpe mkononi mwake. Mwambieni jiwe la baba limesema uongo. Mwambieni mwenye bakuli, yule aliyejifunika... atamkumbuka, labda atamkumbuka...

Leteni vichwa. Sivioni. Huyu Mareya, nywele ngumu hizi. Huyu Erega. Mvua iwanyeshee kwa wakati wake, bwawa lenu lijae, wake zenu wawacheke mkizeeka. Mkono mwingine wa baraka... wa tatu... mpelekeeni dada yenu. Mwambieni nilifika.