Nukta na Koti Lililompa Alama

Tumekuja kumsindikiza binti yetu, mfasiri, ambaye nyumbani na kazini alijulikana kwa jina la Nukta. Wasifu huu umeandikwa na mama yake mzazi. Anausoma mjomba wake, kwa kuwa mama asingeweza kuufikisha mwisho.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1985, kifungua mimba wa watoto watatu, katika nyumba ya kupanga nyuma ya kituo cha mabasi. Alikuwa mdogo mno hata nesi akamtazama na kusema, "Huyu ni nukta tu." Jina likamganda.

Alianza shule ya msingi mwaka 1992. Mama yake alikuwa akipiga pasi nguo za watu hapo nyumbani, naye akitoka shule husimama kando ya meza akimsomea kitabu. Jicho moja la mama lilikuwa kwenye pasi ya mkaa, jingine kwa mtoto asije akaungua, huku akiitikia "mmh, mmh" bila kusikia kitu. Nukta alikuwa akimkatiza: "Mama, hukusikia. Naanza upya." Na kweli alirudi ukurasa wa kwanza. Iko hadithi ya fundi viatu ambayo haikupata kumalizika nyumbani kwetu.

Alimaliza sekondari mwaka 2005 na kupata shahada ya lugha mwaka 2008. Mwaka 2010 aliajiriwa na shirika moja la kimataifa, idara ya tafsiri, ghorofa ya tatu, chumba chenye madirisha yasiyofunguka. Alitafsiri maelezo ya dawa. Vijana aliowafundisha kazi walimwita Dada Nukta na walimwogopa kidogo.

Tarehe 17 Desemba 2011 alifunga ndoa na fundi umeme wa hospitali, wakajaliwa binti mmoja. Mumewe alizoea kusema kwamba nyumbani kwao hata ugomvi ulihaririwa kwanza.

Juni 2021 aliomba cheo cha mkuu wa idara. Aliitwa kwenye usaili mbele ya jopo la watu watatu. Alipokuwa bado anajibu swali la pili, mmoja wao akainuka kuwahi ndege, akasahau koti lake kitini. Hakurudi. Matokeo yalipotoka, hata yule aliyeondoka alikuwa amempa alama, na alama hizo ndizo zilizomwangusha.

"Mama, nimepewa alama na koti," alisema siku hiyo jikoni, akacheka. Kisha akaomba maji.

Mama yake aliogopa. "Mwanangu, hao ndio wanaokulisha. Wakikufukuza, huyu mtoto atakula nini? Yameze tu."

"Sitaki wanipe kiti, mama. Aliyekipata huenda ananizidi. Nataka wanisikilize wote watatu, basi."

Aliandika kwa mkuu wa shirika, akakataliwa. Akaenda kwenye mahakama ya watumishi wa mashirika ya kimataifa. Miaka ile haikuwa rahisi. Wapo waliokuwa wakicheka naye ambao sasa kwenye lifti walitazama viatu vyao, na chakula cha mchana akawa anakula peke yake mezani pake. Kila jioni mama alimpigia simu kuuliza kama bado ana kazi. "Bado ninayo, mama. Lala."

Novemba 2023 maumivu ya mgongo aliyokuwa akiyapuuza yalipimwa, ikaonekana ni saratani ya kongosho. Tarehe 14 Februari 2024, akiwa kwenye matibabu, hukumu ikatoka. Mahakama ilisema uamuzi ule ni batili, kwa sababu mtu hawezi kumpa alama mtu ambaye hakumsikiliza. Haikumpa cheo, maana kutoa cheo si kazi yake. Iliagiza usaili urudiwe na jopo jipya, lote likae tangu mwanzo hadi mwisho. Ukapangwa tarehe 20 Mei. Nukta alimwomba mama ampigie pasi suti yake ya bluu. Mama aliipiga. Ndiyo aliyovaa leo.

Asubuhi ya tarehe 6 Mei, wodini, aliomba asomewe ile hukumu. Mama yake aliishia darasa la saba, kwa hiyo alisoma polepole, akikwama kwenye maneno ya kisheria, na kila alipokwama Nukta aliinua kidole na kumsahihisha. Walipofika katikati, kidole hakikuinuka tena. Mama alidhani amesinzia. Akamwambia, "Hukusikia, mwanangu. Naanza upya," akarudi ukurasa wa kwanza. Mama alikuwa bado anasoma wakati nesi alipokuja kumshika bega.

Baba yake alimtangulia mwaka 2015. Ameacha mume, binti wa miaka kumi, mama, wadogo zake wawili, mjomba, na vijana wa ghorofa ya tatu.

Wenzake waliomba humu tumwandike Mkuu wa Idara. Tunawashukuru kwa upendo wao. Tumemwandika mfasiri, kwa sababu usaili wake haujafanyika, naye asingekubali tuuruke.

Ila mmekaa hapa tangu mwanzo, na hakuna aliyeinuka. Hilo tu ndilo alilokuwa akilidai. Apumzike sasa mtoto wetu, amesikilizwa mpaka mwisho.