Kibano na Mzabibu wa Uani kwa Mama Mkwe

Zamani aina mpya ya zabibu za divai ilimla mtu umri wake wote. Siku hizi jani linatiwa kwenye mashine, na kabla chai haijapoa mche umeshatajiwa baba yake.

Marehemu, tuliyemwita Kibano, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alisoma hadi darasa la nane. Mdogo wake, anayesoma maneno haya, aliishia la nne, akajisomesha kwa magazeti yaliyofungiwa sabuni. Walimu wa enzi hizo walifundisha mwandiko, na daftari za marehemu zinasomeka hadi leo bila umeme.

Mwaka 1969 aliajiriwa na kituo cha utafiti wa zabibu. Kazi yake ilikuwa kuyahasi maua kwa kibano kabla hayajafunguka, kuyapaka kwa brashi chavua ya mzabibu mwingine, kuyafunika kwa mfuko wa karatasi, kisha kuandika mama ni nani na baba ni nani. Mbegu zilitoa miche elfu tatu. Ugonjwa wa ukungu uliua mingi, na iliyopona ilingojwa miaka minne izae, ndipo ikamuliwe divai ya chupa mojamoja. Marehemu alionja na kutema. Mdogo wake, aliyeitwa kusaidia, hakuwa na elimu ya kutema.

Novemba 1975 alikwenda kujitambulisha kwa wakwe. Mama mkwe alitaka kujua hasa anafanya kazi gani. Marehemu akachomoa brashi mfukoni mwa shati, akapapasa maua ya mzabibu uliotambaa uani, juu ya kamba ya nguo. Mama akamtazama toka kichwani hadi viatuni.

“Kwa hiyo, baba, wewe ni mshenga wa maua?”

Alikubaliwa. Kesho yake alirudi kazini kichwa kikiwa kwa mchumba, akayapaka maua yake chavua bila kuiosha kwanza brashi kwa spiriti. Ndoa ilifungwa tarehe 10 Januari 1976.

Kati ya miche ya msimu ule, namba 612 ndiyo pekee iliyobaki kijani mwaka wa ukungu mkubwa, 1981. Divai yake ilimfanya marehemu, kwa mara ya kwanza kazini, ameze. Wakurugenzi watano walitaka kuung'oa. Watano wote walimkuta amekaa chini yake kwenye kigoda. Alijivunia kwamba baba wa 612 ni mzabibu wa ukoo bora, uliokuja kwa meli na cheti chake. Ule wa uani kwa mama mkwe alisema divai yake inafaa kusugulia masufuria. Aliyasema hayo mezani kwa mama huyo, akila chakula chake, hadi mama alipofariki mwaka 1998.

Mwaka jana kituo kilikubali hatimaye kuisajili 612. Marehemu alishachagua jina: Kibano. Lakini fomu ilidai baba athibitishwe na mashine, na mashine ikamkataa yule wa ukoo. Mkewe, ambaye hakuwahi kuisahau ile brashi, alichuma jani uani kwa mama yake, akalipeleka maabara ndani ya mkoba. Baba akawa yule wa kamba ya nguo.

Shemeji, yaani mkewe huyo, alimwambia mara moja tu kwamba mama alitukanwa bure, na kwamba nafasi ya jina bado iko wazi. Fomu ikakaa miezi mezani.

Alilazwa kwa maradhi ya moyo tarehe 2 Aprili 2024, akafariki Jumanne tarehe 9, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, mdogo mmoja na mzabibu mmoja.

Mdogo wake alimwona mara ya mwisho Jumapili mchana, wodini. Fomu ilikuwa magotini. Shemeji alimenya chungwa, akijifanya haangalii.

“Usicheke,” marehemu alimwambia mkewe.

“Sicheki.”

Marehemu akaandika penye jina, kwa mwandiko wa zamani: Mama Mkwe. Kisha akatoa brashi chini ya mto, akampa mdogo wake.

“Kaioshe. Kwa spiriti.”

Imeoshwa, kaka. Pumzika.