Kipande cha Bati Kilichobaki kwa Pampu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maafa. Mwalimu Mkuu, mwenye ukumbi huu. Daktari wetu wa zahanati. Ndugu wageni waalikwa. Wanakikosi wenzangu wa zimamoto. Na wewe shemeji yangu, mke wa mtu tunayemuaga: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni kinyozi, kama mnavyojua, na ni naibu mkuu wa kikosi. Humu ndani naona vichwa visivyopungua vitatu nilivyowahi kuviacha nusu king'ora kilipolia. Naviomba radhi. Nimepewa dakika tano nimsifu mkuu wetu, fundi baiskeli mnayemwita Pampu, kisha Mwenyekiti anikabidhi ukuu wa kikosi anaouacha. Nitamsifu. Lakini kuna jambo halimo kwenye taarifa ya kikosi, na sitaki kupokea cheo kabla sijalisema.

Kikosi chetu ni watu kumi na mmoja, na hakuna anayelipwa. Tuna gari moja bovubovu, mipira sita ya maji na barakoa mbili za moshi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana yake, Pampu aliiwasha injini ya pampu kwa dakika kumi, nanyi majirani mkalalamikia kelele. Mlitaka aiwashe kwa kunong'ona? Kila Jumamosi tulifua mipira na kuianika kwenye ukuta wa shule, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda kwake mpaka fundi huyu akague kila kiungio kwa mkono wake.

Ndiye aliyeleta utaratibu wa vipande vya bati. Kila mmoja wetu ana kipande kilichoandikwa kazi yake kwa msumari: MWALIMU, SEREMALA, KINYOZI. Ukiingia kwenye moto, unampa mwenye pampu kipande chako. Ukitoka, unakichukua. Kipande kikiwa bado kwake, wewe bado uko ndani, na hilo halina mjadala.

Sasa tuje kwenye moto wa ghala la magodoro, mwaka juzi, saa sita mchana. Taarifa inasema: "Mkuu wa kikosi aliiacha pampu kinyume cha taratibu, akaingia ndani bila barakoa, akavuta moshi." Ndiyo maana leo mapafu yake hayamruhusu kupanda ngazi za ukumbi huu bila kupumzika njiani, na ndiyo maana tunamuaga. Nanyi mmesema sana. Mmesema ana kiherehere, mmesema alitaka sifa. Mmeyasema mkiwa mmekaa kwenye kiti changu, mimi nimesimama nyuma yenu na mashine mkononi, naendelea kunyoa.

Hakuwa na kiherehere. Aliingia kunitafuta mimi.

Niliingia ghalani na barakoa moja. Ya pili alikuwa nayo seremala, upande wa pili wa jengo. Moshi ulipozidi nikatokea mlango wa nyuma, nikamwona bibi wa nyumba ya jirani akihangaika kuburuta mtungi wake wa gesi, nikaenda kumsaidia. Kipande changu nikakisahau. Nikawa uani kwa watu, mzima wa afya, natafuta pa kuuweka mtungi, na wakati huohuo mtu huyu amemwachia mwalimu pampu, yuko ndani ya moshi ananiita.

Alipotoka akikohoa, akaniona nakuja. Mnadhani alinitukana? Alisema, "Kumbe umetoka? Basi sawa." Akakaa chini.

Kesho yake nilimfuata zahanati, nikamwambia nakwenda kuandika ukweli. Akakataa katakata. "Ukiandika, watakusema mpaka uache," alisema. "Mimi ndiyo hivyo, siwezi tena. Na wewe ukiacha watabaki tisa, na hakuna hata mmoja anayeijua pampu sawasawa. Waache waniseme mimi." Nikakubali upesi, kwa sababu ilinifaa. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba taarifa ile irekebishwe, na kosa liandikwe kwa jina langu. Mkiona baada ya hapo ukuu apewe mwingine, apewe. Mimi nitaendelea kuburuta mipira na kumfundisha huyo mkuu mpya kazi ya pampu. Kaka Pampu, naona umenikunjia uso. Leo hunizuii.

Na wewe, shemeji. Miaka miwili sasa, kila mumeo akikohoa, unamuuliza, "Nani alikutuma?" Nimekusikia kwa masikio yangu, nimekaa sebuleni kwako, nakunywa chai yako. Hakuwahi kukujibu hata mara moja. Jibu ni mimi. Tafadhali usimgombeze tena. Duka langu linafunguliwa saa mbili asubuhi. Njoo unigombeze mimi.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza mpaka mwisho. Asanteni sana.