Ngazi Ilale Ndani au Ifungwe Juu

Probox ya abiria ilikuwa imetoka Kitale kwenda Bungoma, nami niliketi nyuma dirishani nikijifanya nimelala. Pembeni yangu mama mmoja wa Saboti, Linah, alikuwa akimshauri kijana ambaye hakumjua hadi asubuhi hiyo. Kijana aliitwa Makokha. Anaosha madirisha ya ofisi Bungoma, na alikuwa ametoka kuangalia van ya kununua.

"Ni ndefu," alisema. "Ngazi inalala ndani, tangi ya maji inakaa, nafunga mlango."

"Ngazi ikilala, jeneza pia litalala," Linah akamjibu. "Si unajua watu wa kwenu? Kila Jumamosi utakuwa unatoa mtu mochari."

"Lakini mama, Jumamosi ndio ofisi zimefungwa. Ndio siku yangu ya kazi."

"Ndio siku ya mazishi pia. Nunua gari ndogo, ngazi ufunge juu kwa keria."

"Juu si itaibiwa?"

"Ikiibiwa utanunua ingine. Wazee wa ukoo wakija kuomba gari, utawaambia nini?"

Makokha akafikiri kidogo. "Nitawaambia ndani inanuka sabuni." Nilidhani ni mzaha, lakini hakucheka.

"Marehemu hatalalamika," Linah akasema.

Tulipokuwa tunasimama stejini Bungoma, simu ya kijana ikalia. Mzee wa kwao aliyepiga alizungumza kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva.

"Makokha, nasikia umepata gari. Hiyo milango ya nyuma inafunguka yote miwili?"